Chungu Kinachobaki Nyumbani

Maganda ya mpunga Kyela ni kama hayana mwenyewe. Nyuma ya kila mashine ya kukoboa, kuanzia mjini hadi Ipinda na kuendelea na barabara ya Matema, utakuta kilima chake cha manjano iliyopauka, watoto wakiteleza juu yake na mafundi matofali wakija na mikokoteni kukipunguza. Katika kila kilo 100 za mpunga zinazoingia mashineni, kilo 20 hivi hutoka zikiwa maganda, na mwenye mashine anachotaka ni yaondoke. Wanawake wa rika la mama yangu waliyabeba kwa viroba kwenda kufanyia kazi ninayotaka kuiandika kabla haijasahaulika: kupika nyama ngumu kutwa nzima bila mtu kukaa jikoni.

Jiko lenyewe lilikuwa debe. Unalitoboa tundu ubavuni, karibu na kitako, unapitisha kijiti hadi katikati, kisha unasimamisha chupa tupu juu ya ncha ya kijiti. Unamimina maganda kuizunguka na kuyashindilia kwa mchi, unaongeza, unashindilia tena, mpaka debe lijae. Hapo unaichomoa chupa taratibu huku ukiizungusha, na kijiti unakivuta kwa nje. Kinabaki kishimo kilichonyooka kutoka juu hadi chini, chenye mlango wa hewa ubavuni. Kijinga kidogo mlangoni kinatosha. Moto hupanda ndani kwa ndani, ukiyala maganda kuanzia katikati kwenda pembeni, na kwa kuwa ganda la mpunga limejaa silika haliwaki kwa pupa. Hata likishaungua, jivu lake hubaki na umbo lilelile. Moshi wa mwanzo ni mkali, kwa hiyo debe huwashiwa uani, upande ambao upepo wa ziwa hautaurudisha ndani. Ukishapungua, chungu kinakaa juu ya vijiwe vitatu vilivyopangwa mdomoni mwa debe, na kuanzia hapo kazi ni ya maganda.

Mama alikuwa akikitenga kabla jua halijawa kali, hasa Februari na Machi, wakati mpunga unadai palizi. Kyela mvua haina mchezo, na nyasi zake pia. Ukichelewa kidogo, shamba linakuwa malisho. Asubuhi kama hizo hakuna mwanamke aliyeweza kukaa akichochea kuni na kuongeza maji kwenye sufuria ya nyama. Alipanga vipande chunguni, akamimina rojo, akafunika kwa jani la mgomba lililobabuliwa na sahani juu yake, akamwambia bibi, "Mama, naomba unitupie jicho," akaweka jembe begani. Bibi alibaki chini ya mwembe akichambua mboga. Jirani aliyepita kwenda kisimani alisalimia, "Mwagonile," na kabla ya kuendelea na safari aliinama akaangalia kama mlango wa hewa haujazibwa na jivu. Mama aliporudi alasiri, matope yakiwa yamemkaukia magotini, chakula kilikuwa tayari. Kilichobaki kilikuwa wali tu.

Nimesikia mara nyingi watu wa mjini wakisema kwamba upishi wa polepole ni wa mwenye muda. Mimi niliona kinyume chake. Mama alipika polepole kwa sababu hakuwa na muda. Chungu cha haraka kinamfunga mpishi: lazima asimame hapo, ageuze, apunguze moto, aonje. Chungu cha polepole humwomba nusu saa ya asubuhi na kumwachia siku yake yote. Ninapofundisha vijana wangu kupika nyama ya nguruwe kwa rojo, hilo ndilo naanza nalo, kabla ya chumvi na kabla ya tangawizi, kwa sababu mtu asipolielewa atakuwa anafunua chungu kila baada ya muda mfupi, na kila akifunua joto linatoka na saa zinaongezeka.

Chungu chetu kilitoka Ikombe. Wanawake wa Kikisi, wanaoishi mahali ambapo Milima ya Livingstone inaingia ziwani bila kuacha nafasi ya barabara, ndio mafundi wa vyungu wa pande hizi, na vyombo vyao huvuka maji kwa mitumbwi hadi gulio la Lyulilo, jirani na Matema. Jumamosi ukifika pale utaviona vimepangwa mchangani kwa ukubwa, vya kupikia, vya maji, vya pombe, na wachuuzi wa Tukuyu na Mbeya wakivifunga kwa majani makavu ya migomba ili visivunjike njiani. Mama hakununua chungu kwa macho. Alikiinua, akakigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Chenye ufa usioonekana hutoa sauti iliyokufa. Kikifika nyumbani hakikupikiwa nyama siku hiyo. Kilichemshiwa uji mwepesi wa pumba, kikaachwa kipoe nao, ili wanga uzibe vitundu vya udongo. Tangu hapo hakikuwekwa kwenye moto mkali kikiwa kitupu wala kumwagiwa maji baridi kikiwa cha moto. Sufuria ya bati hupasha joto pale tu moto ulipoigusa na kuunguza chini. Udongo hulipokea joto taratibu, hulisambaza ubavuni, na hukaa nalo muda mrefu baada ya debe kuzimika.

Sasa nyama. Kwetu nguruwe alikuwa ada ya shule. Alifugwa bandani kwa pumba laini zinazotoka mashine ileile ya kukoboa, machicha ya pombe na majani ya viazi vitamu, na akinenepa aliuzwa mzima. Ninapofikiri jinsi mpunga ulivyotuzunguka, pumba kwa nguruwe, maganda kwa moto, mchele kwenye sahani, naona akili kubwa ya watu ambao hakuna aliyewahi kuwaita wataalamu. Nyama ya kula sisi ilinunuliwa kwa kilo, na iliyonunulika ilikuwa ile ambayo wauza kitimoto hawakuigombania. Wao walitaka mbavu na nyama yenye mafuta, ya kukata vipande vidogo na kukaanga kwa ndimu na pilipili. Bega na shingo zilibaki.

Muuzaji alikuwa kijana wa kanisani kwetu. Kila mara alimuuliza, "Mama, leo nikukatie mgongo? Laini huo." Mama alijibu, "Ndaga fijo, baba. Nikatie bega, mapande ya unene wa vidole viwili, na mfupa usiutoe."

Hapo ndipo wengi wanapokosea, na ninalisema kwa msisitizo kwa sababu nyama ni ghali. Kipande cha mgongo, chenye mfupa upande mmoja na mnofu mweupe, ambacho hoteli za Mbeya na Dar es Salaam huita chopsi, kinapendeza machoni, lakini hakina mafuta ya ndani wala tishu za kutosha za kuvumilia saa nyingi. Ukikiacha chunguni tangu asubuhi hadi alasiri kitalainika kwa namna ya uongo: kinachanika kwa uma, ila mdomoni ni kikavu, hata kikiwa kinaogelea kwenye rojo. Bega ni tofauti. Limejaa kolajeni, ile tishu nyeupe inayoshikanisha misuli ya mnyama anayeisimamia miguu yake siku nzima. Kolajeni ikikaa kwenye joto la nyuzi 70 na kuendelea kwa saa kadhaa huyeyuka ikawa jelatini, na jelatini ndiyo inayoifanya nyama iteleze na rojo ishike midomo. Kwa hiyo bega lipe saa sita au saba za moto mdogo. Mgongo, kama ndio uliopata, upe saa tatu, nne zikizidi, na uukate mnene.

Mapande yalipakwa chumvi jioni, yakafunikwa na kuwekwa mahali penye ubaridi. Leo friji inafanya kazi hiyo vizuri zaidi. Asubuhi mama aliyafuta maji kwa kitambaa kisafi, maana nyama yenye maji haipati rangi, inachemka tu. Karai likawekwa kwenye moto wa kuni, mafuta ya nguruwe yakayeyushwa, na kila pande likakaa upande mmoja bila kuguswa hadi likawa la kahawia, ndipo likageuzwa. Hatua hii haikufanyika chunguni, kwani moto wa ghafla hupasua udongo. Ile rangi iliyoganda chini ya karai haikuoshwa. Vitunguu viliingia juu yake, vikatoa maji yao na kuikwangua yote. Kisha kijiko kikubwa cha unga wa chenga za mchele, uliotwangwa na kuchekechwa nyumbani, kikakaangwa humohumo hadi kikanukia. Tangawizi, kitunguu saumu, nyanya zilizoiva sana, maji ya moto vikombe viwili. Pilipili moja nzima, isiyopasuliwa, ili harufu yake itoke na ukali ubaki ndani yake.

Maji hayo ni machache, na ndivyo inavyotakiwa. Chungu kilichofunikwa hakipotezi mvuke, na nyama yenyewe hutoa maji yake. Rojo ikifika nusu ya kimo cha mapande inatosha. Anayeyafunika yote ataishia kwenye supu. Ndimu ilikamuliwa mwishoni kabisa, chungu kikiwa kimeshatoka motoni.

Kipimo cha mama kilikuwa mfupa. Alikishika kichwa cha mfupa kwa koleo na kukizungusha. Ukizunguka peke yake ndani ya nyama, basi. Ukikataa, chungu kilirudi kwenye debe na hakuna aliyepewa kuonja, hata mgeni.

Kulikuwa na sababu nyingine ya kutokuwa na haraka na nyama hii, na watu wa Mbeya wanaijua. Tegu wa nguruwe bado ni tatizo la mkoa wetu. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha binadamu hupata malengelenge meupe ndani ya misuli, mengine madogo kama punje za mchele. Anayekula nyama hiyo ikiwa haijaiva hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu yanayotoka na choo yakiingia kinywani mwa mtu, kwa mikono michafu au maji machafu, yanaweza kufika kwenye ubongo na kuleta kifafa. Nimeona familia zikihangaika miaka na kifafa cha mtoto, zikinong'ona habari za kurogwa, wakati tiba ilikuwa hospitalini na kinga ilikuwa choo, banda na moto wa kutosha. Chungu kinachotokota taratibu kwa saa sita huiivisha nyama mpaka kwenye mfupa. Mishikaki ya haraka yenye wekundu katikati haina uhakika huo. Hata hivyo, moto usiwe kisingizio cha kununua nyama bila muhuri wa mkaguzi.

Halafu kuna homa ya nguruwe ya Afrika. Ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1921, na mpaka leo nguruwe aliyeugua hana dawa. Mlipuko ulioanza upande wetu, karibu na mpaka wa Malawi, mwaka 2010 ulisafiri na barabara hadi Iringa, Morogoro na Dar es Salaam, na mwaka 2012 ulikuwa bado unaua. Mabanda yaliyokuwa na kelele alfajiri yalikaa kimya, karantini ikatangazwa, mabucha yakafungwa, na wazazi waliotegemea nguruwe mmoja kwa ada ya Januari hawakuwa na kitu cha kuuza. Ugonjwa huo haumpati binadamu, lakini unasafiri ndani ya nyama na damu. Tangu wakati huo kwetu kuna amri jikoni: maji yaliyooshea nyama ya nguruwe, mifupa yake na makombo yake havitupwi karibu na banda, na nguruwe halishwi masalia ya mezani yenye nyama ya nguruwe. Ni amri ndogo. Ningependa kila nyumba inayofuga, kuanzia Kasumulu hadi Matema, iwe nayo.

Mdogo wangu anayeishi Uingereza aliniletea chungu cha umeme cha kupikia polepole: bakuli zito la udongo wa kuchomwa, limekaa ndani ya ganda la chuma lenye waya wa joto kulizunguka, na kifuniko cha kioo. Nilipokifungua kwenye boksi nilikitambua mara moja. Chungu ndani ya debe. Aliyekibuni, Irving Naxon wa Chicago, alipata hataza yake mwaka 1940, na wazo lilitokana na simulizi za mama yake kuhusu Lithuania, ambako Wayahudi walipeleka vyungu vya maharage na nyama kwenye tanuri la muoka mikate Ijumaa kabla jua halijazama, vikaiva usiku kucha kwa joto lililobaki, ili siku ya Sabato wale chakula cha moto bila kuwasha moto. Kampuni ya Rival iliinunua kampuni yake mwaka 1970, na mwaka uliofuata ikakitoa chombo hicho sokoni kwa jina la Crock-Pot. Kilipata wanunuzi wengi katika miaka ambayo wanawake wengi zaidi wa Marekani walikuwa wakitoka asubuhi kwenda kazini. Nikisoma habari hiyo namwona mama na jembe lake. Haja ilikuwa moja: chakula kiive, na mwanamke awe mahali pengine.

Kinafanya kazi vizuri. Hutumia wati 200 hivi, kidogo sana ukilinganisha na jiko la umeme la kawaida, na nyama ya bega ikikaa kwenye alama ya chini hutoka kama ilivyotoka kwenye debe, ila bila ile harufu ya moshi na ya jani la mgomba. Jambo la kuangalia ni umeme wenyewe. Ukikatika saa moja ya mwanzo, nyama ikiwa vuguvugu, usiiache ikae hivyo ukisubiri urudi, kwani kati ya nyuzi 5 na 60 vijidudu huzaliana kwa kasi. Ihamishie kwenye mkaa uendelee nayo. Na ukitoka nyumbani ukarudi ukakuta umeme ulikatika, usijue ni kwa muda gani, ni heri kumwaga. Nalisema kwa uchungu kwa sababu najua bei ya kilo.

Wenyeji wa Mbeya mjini waongeze muda kidogo. Maji huchemka kwa joto dogo kadiri unavyopanda, karibu nyuzi moja kwa kila mita 300. Ufukweni Kyela, mita kama 500 kutoka usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 98. Mbeya, mita 1,700, ni 94 hivi. Shangazi yangu aliyeolewa Mbeya alilalamika kwa miaka kwamba nyama ya kule ni ngumu. Nyama ilikuwa ileile, chungu chake ndicho kilichokuwa mlimani.

Jinsi ya kugawa ni sehemu ya upishi pia. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, walistaajabishwa na vijiji vya marika, ambako wanaume wa umri mmoja walijenga pamoja na kula pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kitabu cha Monica cha mwaka 1951 kinahusu hilo. Vijiji vile sikuvikuta, lakini tabia niliikuta: baba hakula peke yake kama kulikuwa na mwanamume wa rika lake anayepita njiani. Na hapa chopsi ina shida. Mapande yenye mfupa yana hesabu, sita ni sita. Rojo haina hesabu. Mama alijua hivyo, ndiyo maana aliitunza rojo kuliko nyama. Wageni wakiongezeka, kila pande lilitolewa mfupa na kuchanwa, likarudishwa chunguni, na sahani ya wali ilipofika mbele ya watu hakuna aliyeweza kusema nani alikatiwa kubwa.

Majirani zetu wa upande mmoja walikuwa Wasabato, na nyuma yao familia ya Kiislamu. Chungu cha nguruwe kwa hiyo kilikuwa na alama ya mkaa ubavuni mwake, kilikaa rafu yake, na hakikuazimwa kamwe hata walipokuja kuazima chochote. Siku za kukitenga, kuku mmoja au samaki walipikwa kwenye chungu kingine endapo majirani wangeingia, na mwiko haukuvuka kutoka huku kwenda kule. Hakuna aliyewahi kutuomba tufanye hivyo. Lilifanyika, na watoto wao walikula kwetu bila mama zao kuwa na wasiwasi. Nikiwa na nyumba yangu sasa, katika mtaa wenye mchanganyiko huohuo, nina vyungu viwili vya Ikombe, na wageni wangu wanajua kipi ni kipi.

Rojo iliyolala ni tamu kuliko ya jana yake. Iache ipoe, iweke kwenye friji ndani ya saa mbili, na asubuhi mafuta yatakuwa yameganda juu. Yaengue, yatunze kwenye kopo, ndiyo utakayokaangia mapande ya safari ijayo. Menya ndizi mbichi, zikate kwa urefu, zipange chunguni, mimina rojo na mabaki ya nyama juu yake pamoja na maji kidogo, kisha chemsha mpaka itokote sawasawa, isiwe vuguvugu tu. Kwa moto wa mkaa, nusu saa inatosha. Ndizi zikiiva zitakuwa zimeinywa karibu yote, kwa hiyo ukiona jioni kwamba rojo ni chache, wape watu wali mwingi zaidi na ubakize kikombe.